Kabla Hujavuka Maji ya Kiuno

Mayungu, Malindi
Ijumaa, baada ya sala

Mwanangu Riziki,

Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako imenifikia kwa mdomo wa Kombo wa mjomba wako, naye kaifikisha kama ulivyompa, hata ile sauti yako ya kuvuta kaiigiza, nikacheka peke yangu jikoni. Assalamu alaykum wewe na nyumba yako yote. Hujambo? Mtoto hajambo? Kombo ananiambia Mize mdogo ameota meno ya chini na anamuuma kila anayempakata. Mwache aume, ndiyo meno yenyewe. Lakini akiharisha usingoje, umpeleke kituoni siku hiyo hiyo, usisikilize watu wa kusema ni meno tu. Bibi yako goti lake vipi? Bado anasugua mafuta ya karafuu au ameshachoka nayo? Na lile bati la juu ya jiko, Hamad ameshaliziba? Nauliza yote kwa pamoja kwa sababu sijui lini tena nitapata mtu wa kuja Pemba nimpe barua.

Sisi huku Mayungu hatujambo, alhamdulillahi. Baba yako kifua kinambana asubuhi, lakini akishaingia baharini na wenzake kinaachia, akirudi kinabana tena, kwa hiyo mimi nasema ni uvivu wa kuchota maji tu. Samaki ni wa kubahatisha. Mimi miguu imechanika kwa chumvi, unaijua, ni ile ile. Napaka mafuta ya nazi na kuvaa soksi.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu, maana unajua mkono wangu. Darasa la nne niliishia, herufi zangu zinakwenda upande kama kaa. Soma polepole, na usicheke. Simu yako nimesikia imeingia maji ya chumvi na haiwaki tena. Ya Hamad ipo, najua, lakini mkwe wangu namheshimu, na haya ninayotaka kusema siwezi kuyapitisha sikioni mwake yeye kwanza ndiyo yakufikie wewe. Ataona namfundisha namna ya kumtunza mke wake. Kwa hiyo naandika.

Riziki, Kombo ameniambia unataka kwenda kulima mwani wa kina kirefu.

Alilisema hivi hivi, huku anatafuna muhogo, kama mtu anayeleta habari ya arusi. "Shangazi, Riziki amejiandikisha na wale wa kina kirefu, watapelekwa kwa mashua, watafunga kamba za kuelea huko nje." Nikamuuliza huko nje wapi. Akasema nje kabisa, kwenye maji ya rangi ya buluu. Nikamwambia aache kutafuna aseme vizuri. Akarudia vile vile. Tangu saa ile chakula nakipika, sikili. Baba yako ananiambia, "Mize, mwanao ni mtu mzima, ana mume, ana mtoto." Ndiyo hayo hayo yanayonitia hofu, kwamba ana mtoto. Mtoto ananyonya.

Wewe ni mtu ambaye ulipokuwa mdogo maji yakipita goti ulikuwa unanikwea mgongoni. Nakumbuka nafunga mwani na wewe umening'ang'ania shingoni, unaninyonga. Na mimi sikuwahi kukwambia shuka ujifunze, kwa sababu mimi mwenyewe sijui. Wala bibi yako hajui. Sisi wanawake wa mwani tunakwenda baharini kwa miguu. Bahari ikipwa tunaingia, ikianza kujaa tunatoka. Ya kuogelea ni ya wanaume, mwanamke aogelee na nguo zake hizi ataonekanaje? Hivyo ndivyo tulivyokuzwa, na hivyo ndivyo nilivyokukuza.

Najua kwa nini unakwenda. Usidhani sijui. Kombo kasema huko kwetu mwani wa karibu umeungua tena, maji yamechemka kama ya chai, mnafunga leo, mkirudi bamvua lijalo, maji yakipwa tena sana, mnakuta vijiti na kamba tupu, na mwani uliobaki mweupe kama mfupa. Kwetu ule mnene ulianza kufa tangu sijaondoka, tukabaki na huu mwembamba, sasa na huu nao. Kina kirefu kuna maji ya baridi, mwani unanenepa. Yote nayajua. Huku pia tunayaona. Lakini ngoja nikwambie yaliyotupata, halafu ndiyo uamue.

Nikueleze kwanza hawa wenzangu, maana hujawaona. Tulipohamia hapa nilidhani nimemaliza mambo ya mwani. Kumbe wanawake wa hapa walikuwa wameletewa mbegu na watu wa mradi, wakafundishwa asubuhi moja, wakaachwa. Walikuwa wanafunga mwani kama wanavyofunga kuni. Nilipita siku moja natafuta chaza, nikawaona, nikashindwa kujizuia, nikainua dera nikaingia kuwafungulia. Tangu hapo hawakuniacha. Rafiki yangu mkubwa ni Kadzo, Mgiriama wa Kakuyuni, huko juu kwenye mashamba. Ardhi ya kwao imebaki vumbi, mahindi yanakauka yakiwa na urefu wa kidole, ndipo akashuka pwani kukaa kwa dada yake. Bahari alikuwa anaiona kwa mbali tu akija sokoni. Shamba la mwani yeye analiita munda, ndilo jina la shamba kwa lugha yao, na analipenda kama munda wa kweli. Mara ya kwanza nilimkuta kabeba maji ya bomba kwenye ndoo, anataka kuusuuza mwani wake wa mbegu. Nikampigia kelele, "Kadzo, utaua!" Akasema, "Mmea gani huu usiotaka maji matamu?" Wenzake wakamcheka, naye akacheka zaidi yao. Ndivyo alivyo, anacheka kwanza, anasikitika baadaye.

Siku moja tumekaa kibandani tunafunga mbegu kwenye kamba, Kadzo akaniuliza, "Mize, huu mwani aliuanzisha nani? Mungu au Wazungu?" Nikawaambia Mungu aliuweka tangu zamani, wa kujiotea, unatupwa ufukweni, na wazee wetu wakiuokota na kuukausha, wakija watu wakinunua. Lakini huu wa kufunga kwenye kamba ulikuja kwetu mimi ni kigori. Ulitoka Ufilipino, huko mbali, kuna visiwa kama vyetu na watu wa pwani kama sisi, wao ndio waliogundua kwamba ukiukata kipande ukakifunga, kinakuwa mwani mzima. Ulifika Unguja kwanza, halafu Pemba. Wanaume wetu waliujaribu, wakaona ni kazi ya kuinama na haina sifa, wakatuachia. Sisi tukainama. Bati la nyumba ya bibi yako lilitoka huko, kitanda changu cha arusi kilitoka huko, na wewe, mwanangu, sare yako ya shule ilikuwa ya mwani. Mimi shule niliiachia hapo hapo, nikaona wenzangu wananunua kanga zao wenyewe, nikamwambia mwalimu naumwa. Bado naumwa mpaka leo.

Kadzo akasema, "Kwa hiyo huu mwani ni mgeni kama wewe."

"Mgeni kama mimi."

"Basi na wenyewe hauna kitambulisho!"

Tulicheka mpaka tukaacha kufunga. Unajua sisi Wapemba wa huku tulivyosumbuka na vitambulisho. Nikamwambia changu nimeshapata, sasa tuutafutie mwani cha kwake.

Huyo ndiye Kadzo. Nakueleza hivyo ili ujue ni nani aliyetaka kufa mbele yangu.

Ngoja, nimeiacha barua nikakimbia nje. Wingu limetanda upande wa Gede na mwani uko kwenye chanja. Tumeuanua wote, mimi na dada yake Kadzo, tukauingiza chumbani, sasa chumba chote kinanuka bahari na baba yako anauliza atalala wapi. Mvua yenyewe imenyesha kidogo ikaenda zake. Tuendelee.

Ilikuwa bamvua moja, miezi miwili iliyopita. Maji yamepwa sana, tumekwenda mpaka kwenye mashamba ya nje, yaliyo ukingoni mwa mkondo. Mkondo huo ni kama mto ndani ya bahari, ukiwa umesimama kwenye mchanga maji ni ya goti, ukipiga hatua mbaya huna chini. Tunavuna. Mwani ulikuwa mzuri, mshipa mnene, kila mtu ana furaha. Mimi nina kamba yangu moja ya pembeni ambayo sikuivuna, nilikuwa nimeiteua ya mbegu. Nimeichagua kipande kwa kipande miezi yote hii, kila ninapoona kisichougua nakifunga hapo. Niliwaambia wenzangu, hii ni ya kutupandia sote likija joto.

Maji yakageuka. Mimi nikasema tutokeni. Unanijua, mimi wa kwanza kuogopa. Wenzangu wakaanza kutoka, Kadzo akasema amebakiza kamba moja tu. Sasa sikiliza alichofanya. Bamvua la kabla ya hilo gunia lake lilimponyoka likachukuliwa na maji, hatukuliona tena, na sisi tukamtania, "Mwani wa Kadzo umekwenda Watamu kutalii." Kila akipita tunamuuliza umeleta zawadi gani. Kumbe yalimwingia. Safari hii alichukua kamba ya mdomo wa gunia akajifunga kiunoni, fundo la nguvu, kama wanavyofunga mbuzi huko kwao. Mtu wa shamba hawezi kuacha mavuno yake yaende. Na sisi hatukumwona, alikuwa ameshusha leso juu yake.

Gunia likiwa chini ni zito, linakaa hapo. Lakini maji yakijaa linainuka, na likiinuka linafuata mkondo. Niligeuka kumwita nikamwona anarudi nyuma. Hakuwa anatembea, Riziki, alikuwa anavutwa. Kainamia mbele kama mtu anayebishana na mbuzi, visigino vinalima mchanga, na uso wake bado unacheka, hajaelewa. Halafu akawa hayupo. Leso yake ya kichwani ikabaki juu.

Akatokea. Akapiga kelele, "Mayo we!" Ndivyo wanavyomwita mama kwa Kigiriama. Akazama tena.

Mwanangu, tulikuwa wanawake wengi pale, wote tumeishi na bahari, na hakuna hata mmoja aliyejua kumfuata. Hilo ndilo lisilonitoka. Tulisimama tunapiga mayowe na visu mikononi. Wanaume walikuwa nje kwenye samaki. Dada yake anataka kujitupa, wawili wamemkamata, wanajua akienda watakuwa wawili. Halafu nikaona kamba yangu ya mbegu iko hapo mbele yangu, imenyooka baina ya vijiti vyake. Sikufikiri. Nilikingʼoa kijiti cha kwanza, nikakata upande wa pili, nikawaambia wenzangu, "Nishikeni!" Wakanishika dera, wakashikana wao kwa wao mpaka kwenye maji ya goti, na mimi nikaingia mpaka kifuani nikairusha. Haikufika. Nikaivuta, nikairusha tena, ikampiga usoni, akaikamata.

Sasa mwani unateleza, unajua. Mkono wake ukawa unapita juu ya kamba, na mwani unachomoka, kila kipande nilichokichagua kinachomoka mkononi mwake kinakwenda zake. Nikaona anafika mwisho. Vile vifundo, Riziki, vile vifundo vidogo tunavyofungia mbegu, ndivyo vilivyomshika kiganja. Akasimama hapo, lakini gunia bado linamvuta upande wa pili, yeye yuko katikati kama nguo inayokamuliwa.

Nikapiga kelele, "Fungua gunia!"

Akajibu kutoka kwenye maji, wallahi alijibu, "Na mwani wangu?"

"Mwani wako na uende Watamu! Fungua!"

Fundo lililolowa halifunguki. Ikabidi nimfuate na kisu. Wenzangu wakasogea wote hatua moja, na mimi nikasogea nikishika kamba ile, maji yakanifika kidevuni, nanyanyua pua juu kama ngamia. Nikipepesa nakunywa. Nikamfikia kiunoni, nikapapasa, nikakata kamba, na leso, na kidogo nyama yake. Gunia likaondoka kama lina haraka. Wakatuvuta.

Alipofika mchangani alitapika maji, akalala, sote tumekaa tumemzunguka. Akafumbua macho. Neno lake la kwanza likawa, "Gunia lilikuwa jipya." Basi hapo tukacheka na kulia kwa pamoja, hujui kipi ni kipi. Kamba yangu ya mbegu ilibaki na vifundo tu. Sikuisikitikia. Naisikitikia sasa kidogo, joto likija, lakini siku ile hapana.

Bamvua lililofuata nusu ya wenzetu hawakuja. Kadzo alikuja, akakaa mchangani, haingii. Dada yake akasema jambo hili halina dawa ila moja, akaenda Malindi mjini akamleta Bi Esha. Huyu ni Mbajuni, watu wa visiwa vya kaskazini, bibi mjane anauza mahamri asubuhi huko mji wa kale, na baba yake alimfundisha kuogelea yeye na kaka zake bila kubagua. Mwili mkubwa, sauti kubwa. Alitutazama, akashika kiuno. "Nyinyi wanawake wa mwani ni vituko. Mnakaa baharini kama pweza, na pweza mwenyewe anawacheka. Haya, nani wa kwanza?"

Hapo ndipo Kadzo, aliyekaribia kufa, akanyanyuka. Akasema, "Maji yameshanijua. Afadhali na mimi niyajue."

Wenzangu wakawa wanakwenda kujifunza saa ambazo wanaume wako nje, wamevaa suruali na madera wameyafunga magotini. Mimi sikuingia. Nilikaa kulinda viatu. Nilisema umri umepita, nilisema mume wangu hatapenda, nilisema kifua kinauma. Baba yako wala hakukataza, mwongo ni mimi. Kila nikitazama maji nilikuwa nasikia kidevu changu kinalowa. Bi Esha akiniuliza, "Mpemba, leo kifua kimeamkaje?" namwambia bado. Akawaambia wenzangu, "Viatu vyenu mwaka huu havitaibiwa."

Halafu ndipo alipokuja Kombo na habari yako.

Siku ile niliyosikia nilitaka nikuandikie neno moja tu: usiende. Nilikaa na karatasi. Nikajiona nilivyo, mtu wa kulinda viatu, ninamwandikia mwanangu asivuke mahali ambapo mimi mwenyewe sikuweza kuvuka, na sababu yenyewe ni kwamba sikumfundisha. Na nikajua utanijibu nini. Utasema, "Mama, sasa tule nini?" Asubuhi nikafunga dera nikaenda. Bi Esha aliponiona naingia akawaacha wenzangu akanijia.

Akaniweka mkono chini ya mgongo. "Lala chali." Nikalala, nikazama kama jiwe la kusagia. Nikakohoa, nikainuka, nikasema basi. "Lala." Nikalala, shingo nimeikaza, macho yamenitoka. Akanipiga kofi dogo shavuni akasema, "Achia shingo, mwanamke. Inabeba nini? Leo huna ndoo kichwani." Riziki, sijui alilisemaje neno lile. Nikaona kweli, tangu utoto wangu shingo yangu imebeba kitu, maji, kuni, gunia la mwani. Nikaiachia. Masikio yakaingia majini, kelele zote zikakatika, nikawa naona mbingu tu. Nikangoja kuzama. Sikuzama. Baadaye nikasikia watu wanacheka, nikageuza macho, nikamwona Bi Esha amesimama mbali na mikono yake yote miwili juu hewani. Nilipoiona ile mikono nikazama, lakini nilikuwa nimeshaelea.

Sijui kuogelea bado. Najua kulala juu ya maji na kungoja. Kadzo sasa anapiga miguu mpaka kijiti cha tatu na kurudi. Baba yako ananiita pomboo. Nimemwambia pomboo ana adabu kuliko yeye.

Kwa hiyo sikukatazi, mwanangu. Ningeweza ningekukataza. Nakuomba hivi, na uniambie ndiyo kabla mashua haijaondoka: usivuke maji ya kiuno mpaka ujue kulala chali. Mtafute mtu, hata awe Hamad mwenyewe, mume ndiye aliye karibu zaidi, mwambie akuweke mkono mgongoni, na wala usione haya, na asikucheke. Waambie hao wenye mradi mnataka majaketi ya kuelea, kila mwanamke na lake. Kama hawana, mwambie kila mwenzako aseme hapana mpaka waje nayo. Usiingie na buibui. Uwe na kisu mahali ambapo mkono unafika. Na usijifunge na gunia, Riziki. Usijifunge na kamba, wala na mashua, wala na kitu chochote kinachoweza kuvutwa. Mavuno yakiponyoka yaache yaponyoke. Kama mtu atakucheka, mwambie mama yangu kasema yaende Watamu.

Kombo anakuletea dumu la manjano, huku wanaliita mtungi. Usilitie mafuta wala maji ya kunywa. Najua madumu yapo Pemba, usiniandikie kuniambia. Hili nimelijaribu mimi, nimelikumbatia nikiwa ndani ya maji, kifuniko chake hakivuji. Kombo analalamika kwamba watu wa basi watamcheka kutoka Malindi mpaka Tanga kubeba dumu tupu. Nimemwambia acheke nao.

Nisalimie bibi yako, mwambie binti yake amelala juu ya bahari na suruali, na asimwambie mtu. Msalimie mkwe wangu Hamad kwa heshima zote, mwambie namshukuru kwa kukutunza, na bati la jikoni aliangalie. Msalimie mjomba wako, baba yake Kombo, kijana wake amekula vizuri huku, muhogo wote kaumaliza. Mwalimu wangu wa darasa la nne, kama bado yu hai na Hamad anamwona msikitini, nisalimie naye, mwambie nimepona kidogo. Mjukuu wangu mbusu kwenye meno hayo. Kadzo naye anakusalimu, hakujui lakini kasema nimwandike.

Nikijaliwa kuja baada ya mfungo sitakuuliza umevuna magunia mangapi. Tutashuka pwani mimi na wewe, maji yakiwa ya kiuno, nitaweka mkono chini ya mgongo wako. Halafu nitauondoa, na sitakwambia.

Ni mimi mama yako,
Mize binti Makame,
ambaye anaelea.